Lipiko na Mtoto

Miongoni mwa Wamakonde wa pande zote mbili za Mto Ruvuma, lipiko (kwa wingi mapiko) ni kinyago cha mti mwepesi kinachovaliwa kichwani na mcheza ngoma, nacho kwa vizazi vingi kimempa mtoto nafasi ya kukutana na marehemu, kumwogopa, kisha kumzoea, kabla hajahesabiwa kuwa mtu mzima. Mji wa Mtwara, ulio katika nchi ya Wamakonde kaskazini ya mlango wa Ruvuma, unasifika zaidi kwa vinyago vya mpingo, mti mweusi mzito. Lakini anayetaka kuuelewa uchongaji wa Kimakonde hana budi kuanza na lipiko, kwa kuwa hilo huchongwa lichezwe.

Fundi huchagua mti laini usiomlemea mvaaji, huukomba ndani hadi kuta zibaki nyembamba, kisha hubandika nywele halisi za binadamu na kuweka usoni, aghalabu kwa nta, michirizi ya chale, yaani alama walizochanjwa wazee na zilizomtambulisha Mmakonde popote alipokwenda. Nywele hizo ndizo zinazotisha. Mti waweza kupuuzwa, ila si nywele zilizowahi kuota kichwani mwa mtu. Na katika mapiko yaliyo bora mzuka hupewa sura ya jirani, ya mtu ambaye angeweza kuwa amezikwa juzi.

Ngoma hii ina nafasi kubwa katika jando, mafunzo ya wavulana yanayoambatana na tohara. Nje ya kumbi, yaani kambi ya mafunzo, kwa desturi wanawake na watoto huambiwa kuwa lipiko ni mfu aliyerudi, naye huja amefunikwa nguo mwili mzima, njuga zikilia, watoto wakitawanyika. Ndani ya kumbi wari, yaani wanaofunzwa, huonyeshwa kwamba chini ya kinyago mna mtu, pengine mjomba wao, na hukabidhiwa siri hiyo waitunze. Mtoto haambiwi kuwa wafu hawapo. Hupewa dhamana ya kuwabeba, maana siku moja atakayekivaa kinyago ni yeye. Kukua, kwa maana hii, ni kutoka kwa wanaokimbia na kuingia kwa wanaocheza.

Kazi inayokaribiana na hiyo hufanywa sasa na riwaya za picha, yaani hadithi ndefu zinazosimuliwa kwa michoro na maneno machache: Ghosts ya Raina Telgemeier, iliyotoka Marekani mwaka 2016, inamweka msichana, ambaye mdogo wake ana maradhi ya mapafu yasiyopona, katika mji unaokaliwa na mizuka pamoja na watu. Nchini Tanzania mkono wa kuchora hivyo ulikwisha kuwapo, kwani mchoraji George Lilanga (1934–2005) aliyahamisha mashetani ya Kimakonde kutoka kwenye mti hadi kwenye turubai, kwa rangi kali na mistari inayokaribia katuni.

Na kielelezo cha kuanzia kipo: mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kikaja kuonekana katika Makumbusho ya Barbier-Mueller mjini Geneva, na mwaka 2010 kikarudishwa. Wachoraji wa vitabu vya watoto na wakitazame.