Sikio la Fundi wa Nganya

Nganya mpya, yaani matatu iliyorembwa, ikiingia mjini Nairobi, watu husifu michoro. Simu huinuliwa barabarani, picha zikapigwa, na jina la mchoraji likatajwa. Mimi sifa zangu nampa mtu ambaye kazi yake imejificha chini ya kiti cha abiria: fundi aliyefunga amplifaya na kuipanga hadi muziki ukakaa mahali pake.

Kazi yake huanza kwenye umeme, na hapo ndipo wengi huharibu. Isuzu NQR, basi dogo tunalolipanda kila siku, ina betri mbili zilizounganishwa kwa mfuatano, kwa hiyo umeme wake ni wa volti 24. Amplifaya nyingi za magari zimeundwa kwa volti 12. Fundi mwenye pupa hujiunganishia kwenye betri moja, na muziki hulia siku hiyohiyo. Lakini betri hiyo inanyonywa peke yake, ilhali alteneta inazichaji zote mbili kana kwamba ni sawa. Moja hubaki na upungufu, nyingine huchajiwa kupita kiasi mpaka maji yake yanapungua. Miezi michache baadaye mwenye gari analaumu betri. Fundi hodari hutafuta kifaa cha kushusha umeme kutoka 24 hadi 12, chenye nguvu ya kutosheleza amplifaya, hata kama bei yake itazua mabishano.

Kisha fyuzi. Huiweka karibu na betri, ndani ya sentimita 45 hivi, kwa sababu fyuzi hiyo ipo kulinda waya. Waya mnene unaotoka betrini hadi nyuma ya gari ukichubuka na kugusa bodi, bila fyuzi utawaka kama kuni, na juu yake wameketi watu. Sijui kipimo kizuri zaidi cha uadilifu wa fundi kuliko fyuzi ambayo hakuna atakayeiona.

Arthi nayo inataka subira: kukwangua rangi mpaka chuma king'ae, kukaza bolti, na kuuacha waya uwe mfupi. Arthi ikilegea, spika hutoa mlio mwembamba unaopanda kila dereva anapokanyaga mafuta. Mlio huo pia huletwa na waya za sauti zilizolazwa pamoja na waya wa umeme, ndiyo maana fundi makini huzipitisha upande mwingine wa gari.

Sasa tufike kwenye ile skrubu ndogo ya geini, inayozungushwa kwa ncha ya bisibisi. Makanga wengi huiona kuwa ni ya kuongeza sauti. Kazi yake ni kuoanisha: redio moja hutoa volti 2, nyingine volti 4, na amplifaya lazima ijue ni ipi inayozungumza nayo. Ikizidishwa, amplifaya hudaiwa volti isizokuwa nazo, na kilele cha kila wimbi hukatwa kikawa bapa. Wimbi lililokatwa hivyo hubeba nishati zaidi ya lile la mviringo, koili ya spika ikapata joto bila kupumzika, na harufu ya gundi iliyoungua ikajaa garini.

Fundi ninayemsifu habahatishi. Huzima nyongeza zote za besi, huchomoa spika, hucheza mlio wa hezi 50, hupandisha redio hadi robo tatu ya sauti yake, kisha huweka mita kwenye matokeo ya amplifaya. Zidisha wati kwa omu, tafuta kipeuo cha pili: wati 100 kwenye spika ya omu 4 ni volti 20. Akifika hapo husimama.

Kusimama hapo ndiko kugumu, maana mwenye gari yuko mlangoni. "Fundi, ongeza kidogo, watu wasikie tukiwa bado kwenye kona." Hesabu haimsaidii mwenye gari. Kuongeza wati maradufu huleta desibeli 3 tu, na kile kitufe cha kupandisha besi kwa desibeli 12 huidai amplifaya nguvu mara 16 hivi. "Bosi, ukitaka zaidi tununue amplifaya kubwa. Hii nikiifungua zaidi, utarudi hapa na sabufa imekufa." Namheshimu mtu anayeweza kumwambia hivyo anayemlipa.

Mita ikishasema yake, sikio hushika zamu. Spika ndogo huzuiwa zisipokee chini ya hezi 80 hivi, sabufa isipande juu yake, kisha fundi hugeuza waya za sabufa na kuzirudisha, akisikiliza upande upi unaojaza besi. Katika gari la mtu binafsi hupanga kwa ajili ya kiti cha dereva. Kwenye matatu wasikilizaji ni 33. Mama aliyepakata mtoto kwenye kiti cha nyuma, juu kabisa ya boksi la sabufa, naye ni msikilizaji, na besi inayopendeza mbele humtetemesha mtoto huyo kifua. Hivyo fundi huketi mbele, huketi katikati, huketi nyuma, akirudi kila mara kupunguza kidogo, mpaka sauti ya mwimbaji isikike wazi juu ya besi kwenye kila safu.

Mwisho hutia tone la rangi ya kucha juu ya ile skrubu. Makanga akiigusa, rangi itapasuka, na fundi atajua.