Sanamu Isiyo na Methali: Sanaa ya Walega katika Soko la Kimataifa

Mjadala kuhusu sanaa ya Kiafrika katika maonyesho makubwa ya biashara huko Ulaya umezoea kuuliza nani auze, na kwa bei gani. Makala haya yanauliza swali jingine: je, kazi inayouzwa huko ni kazi nzima? Mfano wetu unatoka Maniema, katika eneo la Pangi, mashariki ya Kindu, wanakoishi Walega.

Maonyesho ya Frieze Masters, yaliyoanzishwa London mwaka 2012, na yale ya BRAFA ya Brussels, yaliyoanza mwaka 1956, huweka kazi za kale za Afrika jirani na picha za karne ya 20. Katika mabanda ya namna hiyo kinyago husimamishwa peke yake, kikamulikwa taa. Kadi yake hutaja malighafi, kimo, nchi, na majina ya waliokimiliki ng'ambo. Mtazamaji husifu wepesi wa mistari yake, wala hakosei.

Hata hivyo, kwa mujibu wa Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti kwa Walega katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu cha Lega Culture mwaka 1973, vitu hivi vilikuwa mali ya Bwami, chama cha mafunzo ya maadili chenye ngazi mbalimbali. Vinyago vya mti viitwavyo lukwakongo vilikuwa vya ngazi ya yananio. Vile vya pembe, lukungu, vilikuwa vya kindi, ngazi ya juu kabisa. Kinyago hakikuwa cha kuvaliwa usoni tu: kilitundikwa kwenye ua, kilifungwa mkononi, hata kiliburutwa chini kwa ndevu zake. Kila tendo lilikwenda na methali, wimbo na ngoma. Sanamu ya Sakimatwematwe, mwenye vichwa vingi, ni ya yule aliyemwona tembo ng'ambo ya mto mkubwa, yaani mtu wa busara atazamaye pande zote. Bila kauli hiyo, vichwa vingi hubaki kuwa kioja.

Kwa istilahi za fasihi simulizi, basi, sanamu ni sehemu ya utendaji. Si matini kamili. Tena kikapu cha Bwami kilichanganya pembe zilizochongwa na magamba ya kakakuona na midomo ya ndege. Soko limechukua pembe na kuacha gamba, ilhali mbele ya wazee kila kimoja kilikuwa na neno lake. Wala soko si mkosaji wa pekee: utawala wa Kibelgiji uliivunja Bwami kwa amri mwaka 1948, ukadhoofisha mikutano ambamo neno na kitu vilikutana.

Yawezekana msomaji akadai kwamba fani yatosha, na kwamba kazi bora hujieleza yenyewe. Dai hili linapingwa na mfano wa karibu. Tshibumba Kanda Matulu alichora picha zipatazo 100 za historia ya Zaire mnamo 1973 na 1974, na maelezo yake kwa Kiswahili cha Shaba yakarekodiwa na Johannes Fabian, aliyetoa kitabu juu yake mwaka 1996. Maelezo hayo hayakupunguza thamani ya picha. Ndiyo yaliyotuwezesha kuzihakiki kama hoja za mwanahistoria.

Kiswahili kilienea Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe za ndovu iliyopitia Kasongo. Lugha iliyofuata pembe ina deni kwa pembe hizo. Hatuna uwezo wa kuzirudisha sanamu zote; lakini hapana budi wanafunzi wa Kindu warekodi methali kwa Kilega, wazifafanue kwa Kiswahili, na kuziambatanisha na picha za sanamu zilizokwisha kuchapishwa. Wazee wanaozijua wanapungua, na methali ikipotea haitapatikana katika banda lolote.