Bofya Moja, Vitu Sita Vimeamka: Nimeonja ctypes Tandika

Saa moja kasoro asubuhi, Tandika, umeme umerudi baada ya kukatika usiku kucha. Nimebofya faili moja tu. Word ikafunguka. Sijatoa mkono kwenye mausi, kivinjari nacho hiki hapa, kimebeba kurasa za RITA, Bodi ya Mikopo na Ajira Portal. Skana ikaamka. Kikokotoo kikatokea, programu ya kukata picha za pasipoti ikafuata, na mwisho folda ya wateja ikajitandaza mbele ya vyote. Binti wa kaka yangu, ambaye ndiye mwenye kushika steshenari hii, akaacha kufagia.

"Baba mdogo, nani anabofya?"

Hakuna anayebofya, mwanangu! Jamani, miaka yote hii nilikuwa wapi?

Aliyewahi kukaa steshenari ya uswahilini anaijua adha yenyewe. Umeme ukikatika, kompyuta inazima. Ukirudi, unaanza upya kufungua kimoja kimoja huku mteja amesimama na flashi mkononi na daladala yake inapiga honi. Mara tatu kwa siku, unachoka kabla hujatoa hata kopi moja. Sasa kazi yote hiyo imo ndani ya mistari 11 ya Python, na kiini chake ni huu mmoja:

ctypes.windll.shell32.ShellExecuteW(None, "open", r"D:\Wateja\barua.docx", None, None, 1)

Utazame vizuri. ctypes ni moduli iliyoandikwa na Thomas Heller, ikaingizwa ndani ya Python yenyewe kuanzia toleo la 2.5 mwaka 2006. Hupakui kitu, huchomi bando. Kazi yake ni kukupitisha moja kwa moja hadi kwenye faili za DLL za Windows, uiite kazi iliyomo humo kama vile umeiandika wewe. Hapo juu nimeingia shell32, nikaiita ShellExecuteW, nikaipa vitu sita: dirisha mama (sina), kitenzi, faili, maelezo ya ziada (sina), folda ya kuanzia (sina), na namba ya jinsi dirisha litakavyoonekana. 1 ni kawaida, 3 ni kujaza skrini, 0 ni kufichika kabisa.

Nimesema kitenzi, na sikukosea. Windows wenyewe huliita hivyo neno la pili, na hapa ndipo nilipopagawa. "open" ni kufungua. "print" ni kuprinti. "edit" ni kuhariri. "runas" ni kuendesha kwa mamlaka ya msimamizi, na hapo lile dirisha la kuomba ruhusa litajitokeza, usishtuke. Unabadili neno moja, faili ile ile inafanyiwa jambo jingine. Mimi nimezifunika ndani ya kazi zangu mbili, fungua() na chapa(), kwa hiyo binti anasoma skripti kama anasoma orodha ya sokoni. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, menyu zote kwa Kiswahili, na wengi waliona ni mchezo. Siku hizi naona walikuwa wametutangulia tu.

Najua fundi mmoja keshakunja uso: si kuna subprocess? Ipo, tangu Python 2.4, na kwa kuendesha programu na kusubiri imalize ni bora kuliko hii. Lakini kwenye Windows subprocess inapita kwa CreateProcess, na CreateProcess ni kama bodaboda mgeni: umwelekeze kona kwa kona, umtajie programu yenyewe kwa jina. Ukimpa barua.docx peke yake anakutazama tu. ShellExecute ni bodaboda wa mtaa. Unamwambia "kwa Aziz Ally," anakupeleka. Anajua docx inakaa kwa nani na PDF inakaa kwa nani. Tena CreateProcessW inadai vitu kumi, huyu sita. Kuna pia os.startfile, ambayo chini kwa chini inamwita huyu huyu ShellExecute, na kwa kufungua tu inatosha kabisa. Ila hairudishi jibu, na mimi jibu nalitaka.

Maana jibu lenyewe ni raha! ShellExecuteW hurudisha namba. Ikizidi 32, mambo yameenda. Kwangu mara nyingi inakuja 42. Ikiwa 32 au chini, umekwama, na namba inakwambia wapi: 2 faili halipo, 5 umekatazwa, 31 hakuna programu iliyojiandikisha kulifanyia faili hilo jambo hilo. Hiyo 31 utakutana nayo sana kwenye kuprinti PDF, pale programu iliyoshika PDF zako inapojua kuzifungua lakini haikujisajili kuziprinti. Na kwa nini 32, si sifuri kama watu wote? Ni urithi wa Windows za zamani za biti 16. Mzee amekufa, kofia yake bado inavaliwa.

Kilichonitoa jasho usiku wa kwanza ni herufi moja. Niliandika ShellExecuteA badala ya ShellExecuteW. Nikaomba notepad.exe, nikajibiwa 2. Faili halipo! Notepad haipo kwenye Windows? Nikawasha na kuzima, nikabadili njia, nikanywa chai ya pili. Kumbe Python hupeleka maneno kwa herufi pana, na kwenye herufi za kawaida kila moja hufuatwa na sifuri. A anasoma herufi nyembamba, na kwake sifuri ndiyo mwisho wa neno. Akasoma "n", akakuta sifuri, akaenda kutafuta faili linaloitwa n. Maskini, alikuwa mkweli. Tumia W siku zote. Na ile r mbele ya njia ya faili usiisahau, la sivyo D:\nakala inageuka D: kisha mstari mpya.

Siku ya pili nikalewa sifa. Nikaandika kitanzi: kila faili ndani ya folda ya wateja, chapa(). Mteja alikuwa na barua mbili tu. Folda ilikuwa haijasafishwa tangu mwezi uliopita. Printa ikaanza kutema CV za watu nisiowajua, mikataba ya nyumba, kadi ya mchango wa harusi ambayo imeshapita. Nilipochomoa waya, zaidi ya nusu rimu ilikuwa sakafuni. Binti hakusema neno; aliokota karatasi moja moja, akazigeuza upande mweupe.

Onyo kubwa zaidi ni flashi. Zinazokuja steshenari mnazijua: folda zimefichwa, mahali pake kuna vivuli (shortcut) vyenye jina lile lile, ukivibofya umeamsha kirusi. ShellExecute hachagui, atakifungua kwa moyo mweupe. Kwa hiyo faili likitoka kwenye flashi, fungua() yangu inakagua mwisho wa jina kwanza: docx, pdf, jpg, basi. Chochote kingine kinarudishwa mlangoni.

Manung'uniko mengine ni mafupi. Ukitaka kujua programu imefungwa saa ngapi inabidi uende kwa kaka yake, ShellExecuteExW, na huyo anadai umuundie jedwali zima la taarifa kwa mkono. Ukikosea nafasi moja Python inaweza kuzimika kimya bila hata kuandika kosa. Na kwenye mashine yetu ya mtumba yenye RAM ya GB 4, ukiita vitu sita kwa mkupuo inakabwa roho. Weka time.sleep(2) katikati, ipumue.

Lakini nasema hivi: sijawahi kupata kitu cha bure kilichonipunguzia kero nyingi kiasi hiki kwa mistari michache kiasi hiki. Kama steshenari yako ina Windows, andika yako leo, ihifadhi kwa mwisho wa .pyw ili lile dirisha jeusi lisitokee, kisha iweke kwenye folda ya Startup ili umeme ukirudi na ukawasha kompyuta, ijiamshe yenyewe. Ila folda ya wateja isafishe kwanza.