Kabla ya gari la wagonjwa, nani anafika?

Ajali kubwa ikitokea Arusha mjadala ni uleule: mwendokasi, breki, dereva mlevi. Halafu anatokea mtu anasema, "Serikali ituletee magari ya wagonjwa." Sawa, tunayahitaji. Ila hoja hiyo inaruka dakika zenyewe ambazo mtu anafia.

Tuangalie mwili. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi, na mshipa mkubwa wa paja ukikatika anaweza kufa ndani ya dakika chache. Hakuna gari litakalotoka Hospitali ya Mount Meru, lipite foleni, liwahi Lemara kwa muda huo. Wanaowahi ni boda wa kijiweni na mama wa genge. Wanamkunja majeruhi kwenye bajaji, shingo inaning'inia. Nia njema wanayo, mafunzo hatujawapa.

Tarehe 6 Mei 2017 basi la shule ya Lucky Vincent lilitumbukia korongoni Rhotia, Karatu. Watu 35 walifariki. Watoto 3 walinusurika, na kati ya waliowaokoa walikuwemo Wamarekani wa kujitolea, wenye ujuzi wa tiba, waliokuwa wakipita njia hiyo. Tuliita muujiza. Tungeuliza pia: wasingepita je?

Ujuzi wa kwanza unafundishika. Kampala, watafiti waliwafundisha polisi, madereva taksi na viongozi wa mitaa zaidi ya 300, na miezi sita baadaye wengi waliofuatiliwa walikuwa wameshautumia.

Hapa kwetu tayari kuna m-mama, iliyozinduliwa kitaifa 2022. Mjamzito au mwenye mtoto mchanga akipata dharura anapiga 115 bure. Gari la wagonjwa lisipopatikana, anatumwa dereva wa jamii na analipwa kwa simu. Kwa hiyo tusiambiwe haiwezekani. Ni kweli, mjamzito wengi humkuta nyumbani au zahanati, ajali haina anwani. Lakini vijiwe vya boda vina anwani, tena karibu kila njia panda.

Basi jiji lianzie hapo: kila kijiwe kiwe na watu waliofundishwa kuzuia damu, kufungua njia ya hewa na kumbeba majeruhi bila kumpinda shingo. Nawe msomaji, ukikuta jeraha linalovuja sana, kandamiza kwa kitambaa safi, kwa nguvu, usiachie kuchungulia.