Mizani ya Kilo 115

Kiswahili kina neno moja, mizani, kwa kipimo cha muuza sukari na kwa silabi za shairi, na silioni lingine linaloifaa zaidi traiki ya kiti kimoja, ile ndege ndogo ya magurudumu matatu inayoning'inia chini ya bawa la kitambaa. Tangu 1982 sheria ya Marekani huruhusu ndege nyepesi za namna hii ziruke bila leseni ya urubani, ila kwa masharti: ikiwa tupu isizidi kilo 115 hivi, mafuta yasipite lita 19, na kasi iishie karibu kilomita 100 kwa saa. Wapo wasemao kwamba basi wepesi huo ni kazi ya sheria, si ya fundi. Hao na waseme pia kuwa shairi hutungwa na mizani 16 za mshororo. Sharti halichongi kitu. Humbana tu fundi akiulize kila kifaa kina kazi gani ya pili.

Kifaa kilichojibu vizuri kuliko vyote ni rubani mwenyewe. Traiki haina mkia wala usukani wa miguu wa kuiongoza angani. Kiti na injini vinaning'inia kwa bolti moja kwenye bomba la katikati la bawa, ambalo baharia angeliita mkuku. Rubani akivuta kifuani upau uliofungwa kwenye bawa, uzito huja mbele, pua huinama na kasi hupanda; akiusukuma kushoto, mwili wake hubaki kulia, na bawa hulalia kulia. Mtu wa kilo 80, ambaye kwingine ni mzigo, hapa ni zaidi ya theluthi ya uzito unaoruka, na ndiye usukani. Kitambaa nacho hakizubai. Bomba la kukingama halijakazwa kwenye mkuku, huachwa licheze kidogo. Uzito ukihamia upande mmoja, kitambaa cha upande huo hulegea na cha pili hukazika, bawa likajipinda kuusaidia mwili. Francis na Gertrude Rogallo, walioomba hataza ya bawa laini la aina hii mwaka 1948, waliuachia upepo ulipe bawa umbo, jambo ambalo tanga la jahazi halihitaji kufundishwa.

Atakayeuliza usalama uko wapi pasipo mkia ana haki. Ncha za bawa zimerudishwa nyuma na kupindwa zisishike upepo kwa pembe kubwa kama katikati, hivyo zenyewe ndizo mkia. Na bawa likipiga mbizi, nyuzi kutoka mlingoti mfupi wa juu huzuia ukingo wa nyuma usishuke, pua ikainuka. Lakini uzito huongoza pale tu unaponing'inia. Hewa ikilisukuma bawa chini ghafla, mwili hukosa cha kuvuta, na bawa linaweza kubiringika. Hili halina dawa katika mchoro. Dawa yake ni kuruka alfajiri au jioni, ardhi haijachemka au imeshapoa. Na ile bolti moja? Ina waya wa akiba pembeni, na haikufunikwa kwa bati wala plastiki: kabla ya kuwasha injini, mtu hunyoosha mkono akaigusa nati na pini yake.