Kete ya Tina: mzaha uliojengwa ndani ya kanuni

Bandari imetulia na jua linawaka. Lilith, mmoja wa wachezaji walioketi mezani, anahoji: ufalme ambao malkia wake ametekwa na mchawi mwovu unakuwaje na anga la sikukuu namna hii? Tina, binti wa miaka 13 anayeusimamia mchezo, anaona swali lina mashiko. Anga linageuka usiku palepale, huku wewe umesimama na bunduki mkononi. Muda si mrefu anakuletea joka ambalo risasi zako hazilifanyi kitu, nalo linakumaliza papo hapo. Mezani malalamiko yanazuka: bosi gani huyu, na hadithi ndiyo kwanza imeanza? Tina analifuta joka. Mahali pake anaweka kiunzi kimoja cha mifupa kinachotembea, chenye jina la kipuuzi, Mister Boney Pants Guy, na vita vinaendelea kana kwamba hakuna aliyekufa.

Huo ndio mwanzo wa Tiny Tina's Assault on Dragon Keep, nyongeza ya nne ya hadithi ya Borderlands 2, iliyotolewa na studio ya Gearbox Software Juni 2013. Zaidi ya miaka 10 imepita na nyongeza nyingi za magemu ya kufyatua risasi zimesahaulika, hii bado inatajwa. Wanaoisifu kwa kawaida husema inachekesha. Ni kweli inachekesha, ila jibu hilo halielezi chochote, maana Borderlands 2 yenyewe ina vichekesho vya kumwaga, vingine vizuri na vingine vya kuchosha masikio. Kilichobadilika hapa ni mahali mzaha ulipowekwa: umetolewa kinywani mwa wahusika ukaingizwa ndani ya kanuni za mchezo.

Kwa asiyeifahamu gemu hii: Borderlands 2 ilitoka Septemba 2012. Inachezwa na mtu mmoja hadi wanne kwa pamoja, michoro yake ina mistari mizito ya vitabu vya katuni, na uti wake wa mgongo ni ngawira. Unaua, adui anaangusha bunduki, unalinganisha namba, unabadilisha, unaua tena. Sayari ni Pandora, mbaya wa hadithi ni Handsome Jack, tajiri mwenye majivuno na ulimi mkali. Ndani ya miezi tisa Gearbox ilitoa nyongeza nne za hadithi, kila moja kwa dola 9.99. Ya kwanza ya maharamia wa jangwani, ya pili ya mashindano ya Bwana Torgue, ya tatu ya uwindaji kwenye vinamasi pamoja na Sir Hammerlock, kisha hii ya Tina.

Sasa tazama tatizo la kiufundi ambalo kila gemu ya aina hii inakutana nalo. Kichekesho kinahitaji ukimya kabla ya neno la mwisho, na gemu ya bunduki haina ukimya. Mwandishi anaweza kutunga mstari mzuri, mwigizaji akausema vizuri, halafu bomu likalipuka katikati ya sentensi. Borderlands 2 ilitegemea sana sauti za redio: wahusika wanakusemesha wakati unakimbia, na ukichukua kazi nyingine au ukigusa kitu fulani kabla hawajamaliza, sauti mpya inaikata ile ya kwanza. Waandishi wakawa wanapiga kelele zaidi ili wasikike. Nyongeza ya Torgue ndiyo kilele cha njia hiyo, mtu anayebweka kila sentensi tangu mwanzo hadi mwisho. Saa ya kwanza unacheka. Saa ya tatu unapunguza sauti.

Kwa haki, hata ile ya Hammerlock, ambayo naihesabu kuwa dhaifu kuliko zote nne, ilishapata dawa mara moja. Mwishoni mwake unatarajia kupigana na mbaya wa nyongeza hiyo, Profesa Nakayama. Anatambulishwa kwa mbwembwe za bosi, mstari wa uhai wake unaonekana juu ya skrini, kisha anajikwaa na kuporomoka hadi anakufa kabla hujafyatua risasi. Kichekesho hicho hakihitaji neno hata moja. Mchezaji amefundishwa kwa saa nyingi kwamba mstari ule mwekundu maana yake ni vita vikubwa, na mzaha unasimama juu ya mafunzo hayo. Nyongeza ya Tina imeichukua mbinu iliyotumika pale kwa sekunde chache ikaifanya msingi wa nyumba nzima.

Msingi wenyewe ni huu: Tina anasimamia Bunkers & Badasses, mchezo wa mezani wa kete na kuigiza wahusika, mfano wa Dungeons & Dragons kwa dhihaka. Lilith, Mordecai na Brick, mashujaa wa gemu ya kwanza, ndio wachezaji. Wewe unatembea ndani ya kile wanachokisimulia. Kila mtu aliyewahi kukaa na bibi anayesimulia hadithi mbele ya wajukuu wabishi anaujua utaratibu huu, kwamba msimulizi hamiliki hadithi peke yake, na kila pingamizi la msikilizaji linaweza kumlazimisha abadilishe njia. Tofauti ni kwamba hapa pingamizi linabadilisha ardhi unayoikanyaga.

Mfano bora uko kwenye migodi. Mpango wa Tina ni kwamba mtaomba muungano na mbilikimo wanaochimba humo, mtafika mbele ya mfalme wao Ragnar, mtapatana. Brick hana subira ya diplomasia, anataka mfalme apigwe ngumi ya uso. Ngumi inapigwa. Kuanzia hapo mgodi mzima unakugeukia, na mbilikimo ambao wangekuwa wenyeji wako ndio unaopambana nao. Kwa upande wa uandishi, ni mzaha kuhusu yule rafiki anayeharibu mipango ya meza nzima. Kwa upande wa ujenzi wa gemu, ni sababu ya kuweka maadui kwenye eneo zima, na sababu hiyo inakumbukika. Kwa kawaida sehemu hii hujazwa na mtu wa redioni anayekuambia kuna wabaya mbele, kawaue. Tendo moja limebeba kazi mbili, na hakuna mstari wa maneno uliohitaji kushindana na milio ya risasi.

Maadui nao wamechaguliwa kwa akili hiyohiyo. Kuna mifupa hai iliyochomwa upanga mgongoni, ambayo haifi kwa risasi mpaka uukaribie na kuung'oa upanga wenyewe. Kwa mtu aliyezoea kusimama mbali na kulenga kichwa, hilo ni tusi dogo la kupendeza. Kuna miti inayotembea, ambayo moto unaitafuna kama ungetegemea kwa mti. Lakini ninaowavulia kofia wabunifu wake ni masanduku ya hazina yenye meno. Mnyama huyu ni wa zamani katika michezo ya kete, na magemu mengi yamemtumia. Hapa ana makali mengine, kwa sababu Borderlands imekuzoesha kwa makumi ya saa kukimbilia kila sanduku bila kufikiri. Mkono unabonyeza kabla akili haijauliza. Mtego ulitegwa tangu Septemba 2012, nyongeza imeukamilisha tu.

Na masanduku halali yenyewe yamegeuzwa kamari. Unapofungua mengine, kete ya pande 20 inarushwa, na ubora wa ngawira unafuata namba iliyotoka. Ukitoa madini ya Eridium unaongezewa kete ya pili. Wanaopenda hesabu wataona kwamba bahati ilikuwepo daima kwenye gemu hii, imefichwa ndani ya kompyuta. Hapa imetolewa nje ikawekwa mbele ya macho, na kule kuiona ikibingirika kunatosha kuifanya isisimue upya.

Suala la uchawi lilikuwa gumu zaidi kuliko linavyoonekana. Unatengeneza ulimwengu wa wachawi kwa kutumia gemu ambayo vitufe vyake vyote vimeshagawiwa: bunduki, guruneti, ngao, uwezo maalumu wa mhusika. Huwezi kumwongezea mchezaji kitufe kwa dola 10. Wabunifu wakaifanya miujiza kuwa maguruneti. Magic Missile na wenzake wanakaa kwenye nafasi ya guruneti na wanajijaza wenyewe kadiri muda unavyopita, hivyo unaacha kuyabania ukisubiri hatari na unaanza kuyarusha ovyo, kama mchawi anavyopaswa kufanya. Badiliko moja la kanuni, yaani kujijaza, limebadilisha tabia ya mchezaji bila kumfundisha kitu kipya.

Halafu kuna Handsome Jack. Hadithi ya msingi inaisha kwa kifo chake, na nyongeza zilizotangulia zilionyesha wazi pengo aliloacha. Kumfufua kungekuwa uongo. Ndani ya meza ya Tina hakuna haja ya kumfufua: yeye ndiye Handsome Sorcerer, mchawi aliyeiteka nchi, kwa sauti ileile ya Dameon Clarke na kiburi kilekile. Malkia aliyetekwa ni Butt Stallion, farasi wa almasi ambaye Jack alikuwa akijigamba kumnunua kwenye redio za gemu ya msingi. Watu wa kuchekesha wanajua thamani ya utani uliopandwa mapema ukavunwa mwezi wa tisa.

Lakini kuna mtu mwingine aliyekufa. Roland, kiongozi wa waasi na mtu aliyekuwa kama mlezi kwa Tina, aliuawa na Jack katikati ya hadithi ya msingi, na gemu ile iliharakisha kuendelea mbele kwa sababu ilikuwa na vita vya kupigana. Hapa Tina anamwingiza Roland kwenye hadithi kama shujaa wa vazi jeupe. Anatokea, anasaidia, anaondoka. Wenzake mezani wanaguna, wanamkumbusha kwa upole kwamba Roland hayupo, naye anawapuuza. Mwandishi Anthony Burch anairudia hali hiyo mara kadhaa bila kuieleza, na dada yake Ashly Burch, aliyemwigiza Tina kwa sauti, anaibeba kwa utulivu ambao mhusika huyu wa makelele hakuwahi kupewa kabla. Inapofika mwisho na binti anakiri kwamba anajua Roland amekufa, unaelewa kwamba mamlaka aliyokuwa nayo tangu bandarini, ya kufuta joka na kuzima jua, yalikuwa na mpaka mmoja. Kanuni iliyokuchekesha ndiyo inayokuumiza. Sijaona gemu nyingine ya vichekesho iliyoipata kwa usafi huo.

Kasoro zipo, na si ndogo. Mifupa ya kutembea inamwagwa kwa wingi kiasi kwamba katikati ya safari unahisi unavuna shamba, hasa ukicheza peke yako. Pambano la mwisho na mchawi limerefushwa kwa awamu nyingi kuliko mawazo yaliyomo. Kazi za pembeni zinapanda na kushuka vibaya: ile ya bunduki inayozidi kuponyoka kila kete inapoangukia vibaya ni tamu, kwa sababu nayo inacheza na kanuni, wakati zile za kukejeli magemu mengine na tamthilia za televisheni za miaka ile zinamtaka mchezaji awe amevifuata vyote, na leo nusu yake zinasinzia. Ipo pia ile ambamo Torgue anataka kujiunga na mchezo, naye Lilith anamsaili kama kweli anastahili kuitwa mpenzi wa michezo hii. Nia yake ni njema na hoja ni ya haki, ila inahubiriwa kwa maneno wakati mazingira hayabadiliki, na papo hapo unaona nyongeza ikirudia udhaifu wa gemu mama.

Mafanikio yake yaliizalia Gearbox gemu kamili, Tiny Tina's Wonderlands, iliyotoka Machi 2022. Kule miujiza imepewa nafasi yake yenyewe badala ya kuazima ya guruneti, na kati ya eneo na eneo unatembea juu ya meza yenyewe, katikati ya mabaki ya vitafunwa. Mitambo imeboreshwa karibu kote. Lakini wachezaji walioketi mezani ni wageni, Roland hana nafasi, na Tina anapobadilisha ulimwengu anafanya hivyo kama mtu aliyejua kwamba hilo ndilo tulilolipia.

Novemba 2021, kama kionjo cha gemu hiyo, nyongeza ya 2013 iliuzwa peke yake bila kuhitaji Borderlands 2. Mtu anayeingia kwa mlango huo atapata joka, kete na ngumi ya Brick, na vyote vinafanya kazi. Ila shujaa wa vazi jeupe kwake atakuwa mtu tu aliyepita, na nusu ya pili ya kazi ya Anthony Burch itampotea. Nunua gemu ya msingi, ambayo siku hizi huuzwa kwa bei ya chini sana, umalize hadithi ya Jack hadi mwisho, ruka maharamia na vinamasi kama huna muda, ndipo uketi kwenye meza ya Tina. Ukipata rafiki wa kucheza naye, mbishi kama Brick, usimwache nyumbani.