Diski Ipo, Lebo Haipo

Seva imewashwa, na LVM, programu inayosimamia voliumu za diski kwenye Linux, inalalamika kwamba haioni kifaa chenye UUID fulani. Voliumu ya data haifunguki. Lakini ukiandika lsblk, diski ile ile, /dev/sdb, inaonekana na ukubwa wake wote, na kumbukumbu za keneli hazionyeshi hitilafu yoyote ya kusoma. Diski ni nzima. Kilichopotea ni utambulisho wake.

Chanzo mara nyingi ni mkono wa mtu. LVM inaruhusu diski itumike nzima nzima bila kugawanywa patisheni, na programu isiyoijua LVM huiona diski kama hiyo kuwa tupu. Inauliza kama iiandae, mtu anakubali, na jedwali la patisheni la GPT linaandikwa.

Hapo inabidi kuhesabu sekta, kila moja baiti 512. Kichwa cha GPT hukaa sekta namba 1, na jedwali lake hufika sekta namba 33. LVM nayo kwa kawaida huweka lebo yake kwenye sekta hiyo hiyo namba 1, na eneo lake la metadata huanzia baiti ya 4,096. Vyote viwili vimekanyagwa. Ila data yenyewe, katika LVM za miaka ya karibuni, huanza baada ya megabaiti ya kwanza, wakati GPT, mwanzoni mwa diski, imeishia kama kilobaiti 17 hivi. Hati ya kiwanja imeungua. Nyumba imesimama palepale.

Mwenye pupa hukimbilia vgreduce --removemissing --force. Lalamiko hunyamaza kweli, na kila voliumu iliyokuwa na kipande kwenye diski ile hufutwa kwenye orodha. Hiyo ni dawa ya diski iliyokufa, na hii haijafa.

Pa kuanzia ni /etc/lvm/archive. LVM ya kwanza ya Linux, aliyoiandika Heinz Mauelshagen mwaka 1998, iliweka metadata katika muundo ambao binadamu hausomi; LVM2 ikaja na maandishi ya kawaida, na pengine huo ndio uamuzi uliookoa data nyingi kuliko wote. Fungua faili kwa less: juu kuna mstari wa description unaotaja amri iliyokuwa karibu kutekelezwa, chini kuna pv0, UUID yake, na pe_start = 2048, yaani ile megabaiti moja.

Baada ya kunakili diski nzima pembeni, kazi ni fupi. wipefs --all --backup inaondoa alama za GPT na kuzitunza. pvcreate, ikipewa --uuid ya zamani na --restorefile ya faili lile, inaandika upya lebo na eneo la metadata bila kugusa data. Busara ni kuitanguliza na --test. Kisha vgcfgrestore inarudisha ramani, vgchange -ay inaziamsha voliumu, na fsck -n inakagua bila kuandika chochote.

Na kama /etc yenyewe haifikiki? Kwa kawaida kila diski ya kikundi cha voliumu hubeba nakala ya metadata ya kikundi kizima. Soma megabaiti ya kwanza ya diski jirani kwa dd, ipitishe kwenye strings, na maandishi yale yale yatajitokeza, mara nyingi pamoja na matoleo ya nyuma, kwa sababu eneo hilo huandikwa kwa mzunguko.

Hesabu hizi zote hubadilika kama aliyekosea hakuishia kwenye GPT bali aliendesha mkfs.ext4. Amri hiyo hutawanya miundo yake diski nzima, juu ya data. Kwenye SSD ni mbaya zaidi: kwa chaguo-msingi huanza kwa kuiambia diski itupe vitalu vyote, na hapo vgcfgrestore itarudisha ramani kamili ya voliumu ambazo mara nyingi zitasomeka sifuri tupu.